Kalasi ya vitro: kila mmoja amefika wapi mbele ya mvua

Wasomaji wengi wananijua kwa habari za mishahara, mikataba na watu wanaofukuzwa kazi. Leo ninaomba ruhusa niandike juu ya vioo. Tangu mwezi wa sita, kila siku ya posho saa nane ya mchana, ninaacha udelege ku mlango na kuwa mwanafunzi ndani ya kalasi ndogo ya vitro hapa Lubumbashi. Vitro ni ile kazi ya vioo vya rangi vinavyokatwa vipande vipande na kuunganishwa kwa risasi ao kwa mukuba, vile tunaona ku madirisha ya makanisa.

Tuko wanafunzi saba, meza tatu, na mwalimu mmoja mzee aliyejifunza ufundi huu Ubelgiji akiwa kijana. Sitataja majina. Hata sisi wenyewe tuliacha kuitana kwa majina: humu ndani mtu anaitwa kwa kazi iliyo juu ya meza yake. Kuna Papa wa Msalaba, Mama wa Samaki, Kijana wa Taa, Dada wa Ua, na Wawili wa Kapela. Mimi ninaitwa Papa Delege, juu hakuna mtu aliyetambua kile ninatengeneza.

Ninaandika sasa kwa sababu Wawili wa Kapela wako na tarehe. Dirisha yao inapaswa kuwekwa ku ukuta mbele ya tarehe 2 mwezi wa kumi na moja, siku ya kukumbuka wafu. Kapela ile iko ndani ya mtaa wa wafanyakazi, na familia nyingi pale ziko na mtu aliyebaki mgodini. Kwa sasa tundu la dirisha limefungwa na bashi ya plastiki. Na kila mtu wa Lubumbashi anajua: mwezi wa kumi na moja ukifika, mvua haiombi ruhusa.

Kioo hakitaki nguvu

Sisi watu wa mgodi tumezoea kushinda kitu kwa nguvu. Jiwe likikataa, unaongeza. Kioo ni kinyume. Mwalimu anakupa kisu cha vioo, kitu kama kalamu yenye gurudumu dogo la chuma ku ncha. Unakitia mafuta kidogo, unakipitisha mara moja tu, kutoka ukingo mpaka ukingo, bila kusimama. Ukisikia sauti nyembamba kama nguo inapasuka, umefaulu. Kiisha unashika kioo pande mbili za mstari, unakunja kidogo, kinaachana. Ukipitisha kisu mara ya pili fasi ileile, umeharibu kisu na kioo pamoja.

Mstari ulionyooka, kila mtu anauweza. Ila mpindo unaoingia ndani, kama ndani ya kijiko, njo kilio. Kioo kinapenda kupasukia njia fupi, hakijali mchoro wako. Inafaa kukikata kidogo kidogo, kukingata na pense kipande baada ya kipande, na kumalizia ku mashini ya kusugua inayozunguka ndani ya maji. Kazi yangu ni dirisha ndogo ya mlango wa biro yetu ya sendika: piki ya mchimbaji mbele ya jua. Fasi jua linakutana na piki, kuko mpindo wa namna ile. Nimevunja vipande 9 vya njano. Mwalimu njo alihesabu, mi sikuhesabu.

Kijana wa Taa alikuja na shida ingine. Yeye ni msudeaji wa vyuma, anatengeneza milango na madirisha barabarani, na juma la kwanza alituambia sisi wote kwamba kusude ni kazi yake, hatahitaji kufundishwa. Lakini etani na risasi vikichanganywa, sehemu 60 kwa 40, vinayeyuka karibu na digri 190 tu. Risasi yenyewe inayeyuka ku digri 327. Chuma ya kusude inaweza kupita 400. Kijana alishikilia chuma fasi moja, kama vile anashikiliaka ku mlango wa garaji, na kioo kikapasuka katikati, kwii! Mara ya pili vilevile.

«Ku chuma unatafutaka moto,» mwalimu akamwambia. «Huku unakimbia moto. Gusa, toka. Gusa, toka.»

Taa yake iko na vipande 12 vinavyosimama kwa mviringo na kukutana juu. Vyote 12 vinapaswa kuwa sawasawa. Kimoja kikizidi milimita moja, cha kumi na mbili hakitaingia. Alijaribu kufunga mviringo mara mbili, ukakataa. Siku ya posho iliyopita, mara ya tatu, ulifunga. Alizunguka meza yote akituonyesha, kama mtu amepata mtoto.

Sentimita mbili za Wawili wa Kapela

Wawili wa Kapela ni wanafunzi wa michoro, ndugu na dada. Kuchora wanajua kutupita wote. Walileta mchoro wa mti mkubwa wenye mizizi inayoshuka ndani ya udongo, na ndani ya mizizi taa ndogo za wachimbaji. Upana sentimita 60, urefu mita 1. Sisi wote tulinyamaza kuuona.

Dirisha kubwa kama ile inaunganishwa na fito za risasi zilizo na umbo la herufi H. Kioo kinaingia upande huu na upande huu wa H, na katikati kunabaki ukuta mwembamba wa risasi, karibu milimita 2. Kwa sababu hiyo karatasi za vipande zinakatwa na makasi ya pekee yenye meno matatu: yanatoa ukanda mwembamba kati ya kipande na kipande, ili risasi ipate fasi yake. Wawili wetu walikata karatasi zao nyumbani usiku mmoja na makasi ya kawaida. Walitaka kwenda mbio.

Hesabu inakuja polepole. Vipande 12 kwa upana, risasi 11 katikati, karibu milimita 2 kila moja: dirisha inanenepa sentimita 2. Kwa urefu, sentimita 3. Walijua hilo vioo vyote vikiwa vimekwisha kukatwa, siku walipoanza kupanga na kupigilia misumari pembeni. Mti uliingia. Ukingo wa kuume ukagonga ubao.

Dada alitoka inje. Kaka yake akabaki anaangalia meza. Mwalimu hakukasirika. Alileta meta, akapima ukingo wa kioo cheupe unaozunguka mchoro, akasema: «Ukingo wenu uko na sentimita 4. Mutoe moja huku, moja kule. Juu na chini mutoe moja na nusu. Mti haina hata kugusiwa.» Walikata ukingo tena kwa siku mbili za posho. Sasa risasi zote zimekwisha kuingia, upande wa mbele umesudewa. Ninasema ukweli, nilijifunza pale kitu ambacho nimekitafuta mikutanoni kwa miaka mingi: kosa likitokea, tafuta kwanza fasi ile inaweza kutengenezwa bila kubomoa yote.

Buluu ya Mama wa Samaki

Mama wa Samaki anauza sokoni samaki inayotoka Kasenga. Kazi yake ni samaki mmoja, urefu wa mkono, mwenye magamba 46 ya buluu, mengine meusi kidogo, mengine kama mbingu. Huku hakuna fito za risasi. Kila gamba linavalishwa utepe mwembamba wa mukuba ku ukingo wake wote, kiisha yanasudewa pamoja. Ni njia iliyojulikana sana kwa taa za atelye ya Louis Comfort Tiffany, kule Marekani, mwisho wa miaka ya 1800.

Juma la sita Mama alishika kioo cha buluu, ukubwa wa daftari ya shule. Bei yake ilikuwa karibu ya mfuko wa unga. Akauliza: «Mwalimu, hii kintu inatokaka wapi na bei ya namna hii?»

Mwalimu akaeleza. Kioo ni mchanga, soda na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja. Rangi ni metali. Mukuba ukipata hewa ndani ya moto unatoa kijani. Ukinyimwa hewa unatoa wekundu. Chuma inatoa kijani ao rangi ya asali. Na buluu ile ni kobalti. Gramu moja ndani ya kilo nzima ya kioo inatosha kutoa buluu nzito.

Mama akanyamaza kidogo. Kiisha akasema: «Mwana wangu eko Kolwezi. Anachimbaka ile. Minamuona mara moja ku mwaka, mavumbi mpaka ndani ya masikio. Hajaonaka hata siku moja kile anachimba kinageukaka nini.»

Hakuna mtu alijibu. Sisi wote tunajua njia ya kobalti: mgodi, kamyo, Kasumbalesa, bahari, na sehemu kubwa inaenda kusafishwa China. Kati ya kilo 10 za kobalti zinazochimbwa duniani, karibu 7 zinatoka Kongo. Nyingi zinaingia ndani ya batri, kidogo tu inaingia ndani ya kioo. Lakini kioo kilijua kobalti mbele sana ya batri. Madirisha ya kanisa kubwa la Chartres, kule Ufaransa, yanayosifiwa kwa buluu yake, yamesimama karibu miaka 800, na buluu ile ni kobalti, ingawa haikutoka kwetu. Na jina lenyewe lilitoka kwa wachimbaji. Wale wa Ujerumani walikuta jiwe lililowadanganya: lilifanana na jiwe la feza, lakini ku moto halikutoa feza, lilitoa moshi wa sumu uliowagonjesha. Wakasema ni kazi ya pepo mbaya wa chini ya udongo, Kobold. Ni karibu 1735 ndipo mwanasayansi wa Sweden, Georg Brandt, alionyesha kwamba ndani ya jiwe lile mulikuwa metali mpya. Jina la pepo likabaki.

Juu ya meza yetu ya mbao kuko mukuba wa utepe, kobalti ya kioo, etani ya kusude. Mukuba na kobalti ni vya huku Katanga, etani wazee wanaijua tangu Manono. Vyote vitatu tunavinunua vimetoka inje, kwa dola. Sisemi kalasi ya watu saba itajenga fabrika. Ninasema tu kwamba tangu siku ile, wakati ninasikia mkubwa anatangaza tani ngapi zimevuka mpaka, ninaona kile kipande ukubwa wa daftari na mfuko wa unga.

Siku tulikula mikate juu ya risasi

Sasa nifike ku jambo lililonipa jina la Papa Delege kwa kweli. Juma la nne, saa ya kupumzika, watu walileta mikate na karanga wakakula juu ya meza ileile ya risasi, na mikono ileile. Nilisimama. Nilisema risasi ni sumu. Kwa kazi yetu ndogo haiingii zaidi kwa moshi. Moshi ule unatoka zaidi ku dawa ya kusude, nao unachoma kifua. Risasi inaingia kwa vidole: vidole, mkate, kinywa. Inabaki ndani ya damu, inalala ndani ya mifupa. Inaenda nyumbani ku nguo, na watoto wanaumia kutupita. OMS inasema wazi hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina hatari.

Mwalimu hakupenda. «Papa delege, huku haina mugodi. Mi minafanya hii kazi myaka makumi tatu.»

Nikamjibu kwa heshima: «Mwalimu, hata ku mugodi balituambiaka vile.»

Siku ile tuliachana vibaya. Nilifikiri atanifukuza. Katikati ya juma alienda kupimwa damu. Matokeo ni yake, siyaandiki. Ninaandika tu kwamba siku ya posho iliyofuata tulimkuta amekwisha kufika mbele yetu, na ndoo mbili, sabuni, na karatasi iliyobandikwa ku mlango. Hakuna kula wala kuvuta ndani. Kunawa mikono na uso mbele ya kutoka. Tabliye inabaki kalasi, haiendi nyumbani. Hakuna kufagia pakavu. Tunapangusa na kitambaa cha maji. Madirisha wazi wakati wa kusude. Mtoto haingii. Alisoma karatasi yote mwenyewe, kwa sauti, kiisha akatuuliza tukubali kwa kuinua mikono. Wote saba tuliinua. Nimefanya mikutano mingi, lakini mara chache nimeona mkubwa wa kazi akibadilika mbele ya watu wake bila kulazimishwa na mgomo.

Bei ililipwa na Dada wa Ua. Mwezi wa nane alijua kwamba ana mimba. Risasi iliyo ndani ya damu ya mama inapita kwa mtoto. Alikuwa amekata petali zote za ua lake, zinangoja tu kusudewa, na alitaka kulimaliza kwa mkono wake mwenyewe mbele ya kuzaa. Alilia. Hatukuwa na neno la kumtuliza. Ni Mama wa Samaki aliyepata njia: «Mwanangu, weye unakata muzuri kunipita. Unikatie magamba ile ya kupinda, ku nyumba ya pili, mbali na risasi. Mi nitasude ua yako. Tutabadilishana.» Na ndivyo inafanyika. Dada anakata chumba cha pili, hashiki risasi wala etani, na magamba 14 ya samaki ni ya mkono wake. Kwa kazi za utepe tumeanza kununua etani isiyo na risasi. Bei iko juu na inataka moto zaidi, Kijana wa Taa ananungunika, lakini tunachanga. Kwa fito za kapela, risasi inabaki risasi. Njo maana ndoo na sabuni havitatoka pale.

Kipande kimoja chekundu

Nimeacha Papa wa Msalaba mwisho. Ameshika mashini ya kutoboa mawe miaka mingi, na mashini ile ikikutetemesha miaka mingi, siku unaiacha yenyewe haikuachi. Vidole vyake vinageuka vyeupe wakati wa baridi, na mikono inatetemeka. Mwezi wa sita, na baridi yetu ya asubuhi, hakuweza hata kushika kalamu sawasawa. Juma la kwanza alivunja kila kioo alichogusa. Juma la pili alisema hatarudi.

Mwalimu alimfuata mpaka barabarani. Hatujui waliongea nini. Papa alirudi na mchoro mmoja tu: msalaba wa mukuba, ule wa wazee wetu, uliotumika kama feza huku Katanga, na ambao wachimbuaji wa mambo ya kale waliukuta ndani ya makaburi ya Sanga. Msalaba ule hauna mpindo. Ni mistari iliyonyooka, na mstari ulionyooka unakatwa na rula. Mwalimu alitengeneza rula nzito ya chuma yenye mpira chini; Papa anaikandamiza na mkono mmoja, na mkono mwingine unaegemea rula. Mkono unatetemeka, lakini rula inaushika.

Juma kwa juma tuliona msalaba unatoka: miguu minne rangi ya asali, pembeni kijani kama malakiti. Ikabaki katikati. Mwalimu alikuwa na kipande kimoja cha kioo chekundu, wekundu wa mukuba, alichokileta toka Ubelgiji zamani. Kimoja tu. Ni kioo cha kawaida kilichofunikwa na ngozi nyembamba nyekundu. Alikiweka mbele ya Papa. Sisi tulimwambia mwalimu akikate mwenyewe. Mwalimu akasema: «Haina musalaba yangu.»

Papa alingoja. Kwanza umeme ulikuwa umekatika, delestaji ya kila siku, na alitaka mwanga. Tulifungua mlango wote. Aliosha mikono ndani ya maji ya moto ili vidole viamke. Aliweka rula. Alivuta mstari wa kwanza, tukasikia ile sauti ya nguo. Wa pili. Wa tatu. Ku wa nne mkono uliruka, na sisi wote tuliona kisu kinatoka ku rula, milimita labda tatu. Hakuna mtu alipumua. Papa aliangalia mstari, akageuza kioo, akasema: «Risasi itafunika.»

Na risasi imefunika. Ukijua fasi ya kutazama, utaona ufito mmoja ni mpana kidogo kupita ingine. Mwalimu alimpa ufito ule mpana bila neno.

Tumefika wapi

Basi hesabu ya leo ni hii. Taa imefungwa, inangoja waya na balbu. Samaki amesudewa upande mmoja. Mama anataka amalize mbele ya Noeli, wakati mwanawe anatoka Kolwezi, amuweke ku dirisha na kumwambia: angalia. Ua limesudewa lote, limeoshwa, liko ndani ya karatasi, Dada atalichukua akikwisha kuzaa. Msalaba wa Papa umekwisha kabisa na unaning'inia ku dirisha ya kalasi. Saa kumi na moja ya jioni jua linaupita na chini ku simenti kunakuwa alama nyekundu ukubwa wa kiganja. Kazi yangu iko nyuma ya zote. Mpindo wa jua nimeupata ku kipande cha 10.

Inabaki kapela. Juma hili Wawili watageuza dirisha na kusude nyuma. Juma lijalo ni mastiki: wataisukuma chini ya kila ufito wa risasi na brosi, ili maji yasipite, na inataka siku kadhaa kukauka. Hakuna siku ya posho ya ziada. Tumekubaliana kufanya kazi jioni pia, wale wanaoweza, kila mtu na tabliye yake na kashene yake, na ndoo mbili ku mlango.

Kama kamati yenu ya wafanyakazi iko na chumba tupu na mzee anayejua ufundi wowote, msingoje. Ila muanze na sabuni, kiisha mufuate na vioo. Na tarehe 2, mwenye kupita karibu na kapela asubuhi, aangalie chini ya mti, ndani ya mizizi. Zile taa ndogo za njano, tatu kati yazo zimekatwa kwa vioo nilivyovunja mimi.